Kula kama Mpagazi: Nane Nane ya Tabora kwa Mwanafunzi

Kosa la kwanza ni kushiba mapema. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilifika viwanja vya Ipuli saa nne asubuhi, sijagusa hata chai. Banda la kwanza baada ya geti lilikuwa la mama lishe, na sufuria la pilau lilifunuliwa dakika ile ile nilipokuwa napita. Nikaketi. Yule mama aliniona nilivyokonda akanihurumia, akaijaza sahani hadi wali ukamwagika mezani. Nilipoinuka nilikuwa mtu wa kutafuta kivuli, si mtu wa kutembea. Asali, karanga, mtindi, dagaa, uyoga, vyote nilivipita kama mgeni rasmi anayekagua gwaride: natazama, natikisa kichwa, nasonga. Na pilau lile ningelipata siku yoyote ya wiki karibu na stendi.

Basi njoo na njaa, ila usiimalizie mahali pamoja. Mengine yote ninayoyaandika hapa ni namna ya kufanya hivyo kwa boomu dogo, yaani ile pesa ya mkopo wa kujikimu chuoni, au kwa boomu ambalo halijaingia kabisa.

Siku ya kwenda

Nane Nane yenyewe ni tarehe 8 Agosti, Siku ya Wakulima, lakini mabanda hufunguliwa tangu tarehe 1. Kwa Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, watu hukutana viwanja vya Fatma Mwassa, Ipuli, ndani ya Manispaa ya Tabora. Wazee wakikwambia kwamba zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, wako sahihi: tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, ilibeba sikukuu hiyo kabla haijahamishiwa Agosti. Mimi kwa upande wa tumbo naiona Agosti ni bora. Kila kitu kimeshavunwa, kimeanikwa, kimekauka, na mkulima ana cha kuleta sokoni.

Kama unatafuta chakula, siku ya kilele iache. Tarehe 8 ni siku ya hotuba, vipaza sauti, foleni ya geti na vumbi la magari ya wakubwa. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, wauzaji wakiwa bado wana muda wa kuongea. Kisha, ukijaliwa, rudi alasiri ya mwisho kabisa. Sababu yake nitaitaja.

Vaa sweta. Mgeni anayetoka Dar es Salaam au Mwanza hudhani Tabora ni joto tu, wakati mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Agosti ni kipupwe. Asubuhi baridi, mchana jua la kichwa, jioni upepo unaokuletea vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye filamu za Ulaya na Marekani tunawaona wanafunzi wenzetu wakisherehekea mavuno chini ya miti yenye majani mekundu yanayodondoka. Kwetu mambo yamepinduka. Miombo hupukutisha majani yake kiangazi kimya kimya, bila rangi ya kujivunia, halafu Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, huchipua majani machanga mekundu kama shaba. Wekundu wetu ni wa kuanza, si wa kumaliza.

Kwa nini uwaze kama mpagazi

Kipupwe hiki ndicho kilichokuwa msimu wa safari. Katika karne ya 19 Mnyamwezi alivuna shamba lake, akaacha ghala limejaa, akabeba mzigo kuelekea Bagamoyo, akajitahidi kurudi kabla ya mvua ili awahi kulima. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, juu ya bega au kichwani, kwa miezi. Kutoka pwani njia ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ilipo. Hapo ikagawanyika, tawi moja likaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine likapanda kaskazini. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati mtaa wa wafanyabiashara Waarabu ukiitwa Kazeh. Njia hiyo hiyo ilipitisha meno ya tembo na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Miembe mikubwa unayoiona mjini na kandokando ya barabara za kale ni kumbukumbu ya nyakati hizo, na si kumbukumbu tamu yote.

Sasa fikiria mtu huyu anakula nini. Hawezi kubeba nyama mbichi wala ndizi mbivu. Anahitaji kitu kikavu, chepesi, kisichoharibika, kinacholika bila kuwasha moto, au kinachoiva kwa maji kidogo. Ukizunguka Ipuli ukiwa na swali hilo kichwani, mabanda yanapangika yenyewe: matobolwa, michembe, karanga, uyoga mkavu, nsansa, dagaa, chumvi, asali. Ni chakula cha barabarani. Na mwanafunzi wa hosteli isiyoruhusu jiko la umeme, kwa hali yake ya maisha, ni mpagazi mtupu.

Hata neno posho, ambalo leo linamfanya mtumishi wa umma atabasamu, katika misafara lilikuwa kipimo cha chakula cha siku: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja. Gawa pesa yako hivyo hivyo. Kabla ya kutoka hosteli itie katika mafungu matatu, mifuko mitatu tofauti. Fungu la kwanza ni nauli na kiingilio. Hili haliguswi hata ukikutana na mtindi wa Igunga. La pili ni la kuonja na kula pale pale. La tatu, ambalo liwe kubwa kuliko yote, ni la kununua vikavu vya kurudi navyo. Wanafunzi wengi hufanya kinyume, wakamaliza pesa kwenye soda na chipsi, kisha Septemba wanakopa sukari.

Mkienda kundi, mteueni kirangozi. Ndiye aliyetangulia mbele ya msafara, na hakuna aliyemtangulia. Kirangozi wenu ashike pesa ya pamoja na aamue mnakwenda banda gani. Bila yeye, watu sita watatumia nusu saa wakijadiliana kama waanze na muhogo au mishikaki.

Beba chupa ya maji, mfuko wa kitambaa, chupa tupu yenye mfuniko wa kusokota na kopo la plastiki. Faida ya chupa na kopo utaiona kwenye asali na mawese.

Zunguka kwanza

Anza na vipando, asubuhi hiyo ya baridi, kabla jua halijakaza. Pale utakuta mahindi, mtama, alizeti, mihogo na viazi vilivyooteshwa makusudi kwa maonesho, na mara nyingi watafiti wa TARI Tumbi, kituo kilichoko nje kidogo ya mji, wakieleza mbegu zao. Usiwapite kwa sababu tu husomi kilimo. Uliza viazi gani ni vizuri kwa kukausha na muhogo gani hauna uchungu. Saa moja baadaye, ukiwa mbele ya muuzaji, utajua unachonunua. Wanafunzi wa Chuo cha Nyuki cha hapa Tabora nao ni wenzako, na mwanafunzi mwenzako hukwambia ukweli ambao muuzaji anauzungukia.

Duru hii ya kwanza usinunue kitu. Onja tu. Kidole cha asali huku, punje nne za karanga kule, kipande cha jibini kama wapo wanaotengeneza. Kuonja si omba-omba ukifanya kwa heshima, na heshima hapa huanza na salamu. Asubuhi mwambie mama “mwangaluka”. Mchana ni “mwadila”. Akikupa, shukuru kwa “wabeja”. Kinyamwezi chako kikiishia hapo pia hapana neno. Utachekwa kidogo, utaulizwa unatoka wapi, na mkono unaoonjesha utaongezeka uzito.

Matobolwa

Ukiuliza asili ya jina la mji huu, wenyeji wengi watakwambia limetokana na matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama mti. Wageni wa misafara walivinunua hapa kwa ajili ya safari, na jina la chakula likabaki kuwa jina la mahali. Sijui mji mwingine nchini unaojitambulisha kwa kitu kinachouzwa kwa kisado.

Usichanganye matobolwa na michembe. Michembe ni viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi. Vyeupe, vyepesi, na lazima vipikwe. Matobolwa yameshaiva kabla ya kuanikwa, kwa hiyo unatafuna tu. Mwenye meno, kwa hakika.

Muuzaji wangu wa siku zote ni bibi mmoja anayekaa pembeni kabisa, nje ya safu ya mabanda, amefunika kiroba chake kwa kanga. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono nichukue vipande vya juu vilivyong'aa. Akaupiga mkono wangu, si kwa ukali.

“Hivyo vya kupendeza watu, mwanangu. Vya kula viko chini.”

Akachimbua hadi kiwiko, akatoa kipande cha rangi ya kahawia iliyokolea, akakivunja karibu na sikio langu. Kikalia *tap*, kama kijiti. Kisha akachukua kingine, akakikunja. Kikapinda kidogo kabla ya kukatika. “Hiki kina maji. Kitaota ukungu kabla hujafunga chuo.”

Tangu hapo nanunua kwa sikio. Kipande kizuri huvunjika kwa mlio mkavu na ndani kina rangi moja. Angalia pia tundu ndogo kama ncha ya sindano. Ukikung'uta kipande juu ya kiganja na unga laini ukadondoka, wadudu wamekutangulia. Harufu iwe ya utamu, kama sukari iliyoanza kuungua. Ikiwa ya moshi mkali, vilikaushwa jikoni siku za mawingu. Vinalika, ila bei ishuke. Usitishwe na vumbi kidogo, maana utavisuuza.

Kula kwake kuna njia tatu. Ya mpagazi: weka kipande shavuni, kiache kilainike, endelea na safari, kimoja kinakutosha kipindi kizima cha mhadhara na mhadhiri hatajua kama unakula. Ya kijiweni: tafuna pamoja na karanga za kukaanga, kisha chai isiyo na sukari, kwa sababu utamu umeshaletwa na kiazi. Ya nyumbani: loweka usiku kucha, chemsha, tia karanga zilizotwangwa. Hii ya tatu ndiyo inayonikumbusha kwa nini watu wa huku hawana haraka na mkate.

Asali, na hila zake

Hapa ndipo mwanafunzi anapoibiwa, na mimi niliibiwa. Nilinunua chupa iliyoandikwa jina zuri, na kufikia wiki ya pili chini ya chupa kulikuwa na tope la sukari na juu maji ya njano. Nilikuwa nimeipima kwa njiti ya kiberiti: nikaichovya kwenye asali, nikaikwangua, ikawaka, nikatoka pale kifua mbele. Njiti huwaka hata kwenye asali iliyochanganywa, mradi mchanganyiko ni mzito. Kudondosha tone kwenye maji au kwenye karatasi nako hakuna uhakika. Yaache majaribio hayo kwa wapiga ramli.

Asali ya Tabora hutoka kwenye miombo: mtundu, muyombo na jamaa zao, katika misitu ya Sikonge, Urambo, Uyui na kwingineko. Mvua zikishaisha na maua ya misitu yakishapita, warina asali huingia kazini, ndiyo maana Agosti unaikuta kwa wingi. Zamani mizinga ilikuwa ya magogo na ya magome ya miti. Ya magome inaua mti unaobanduliwa, kwa hiyo wataalamu wanahimiza ya masanduku. Tofauti unaweza kuionja. Asali iliyokamuliwa kwa mikono pamoja na majana ya nyuki, chavua na masega meusi huwa nzito ya ladha, lakini huchachuka upesi. Iliyotoka kwenye masega masafi yaliyozibwa kwa nta hukaa.

Neno lenyewe ni hilo: yaliyozibwa. Nyuki huziba sega kwa nta pale tu asali inapokuwa imepungua maji ya kutosha. Mrina mwenye papara hukata kabla, na asali yenye maji mengi hufanya mapovu na kunuka kama togwa. Kipimo cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Kwenye mabanda ya watu wa nyuki kuna kifaa kidogo kama darubini: unaweka tone, unatazama kwenye mwanga, unasoma namba. Omba kuonyeshwa, na uombe asali unayotaka kununua ndiyo ipimwe, si ile ya maonesho iliyoko mezani.

Asali ikiganda usiitupe wala usigombane na mtu. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, hasa kwenye baridi kama hii. Tumbukiza chupa kwenye maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, itarudi. Kilichonitokea mimi ni kingine: safu mbili zisizochanganyika, na juu maji.

Rangi isikudanganye. Iko ya dhahabu, iko ya kahawia, iko karibu nyeusi, inategemea maua. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi na ina uchachu wa asili. Bei yake iko juu na haina ubaya wowote kuwa hivyo. Ukionjeshwa kipande cha sega, tafuna, meza utamu, tema nta. Na ukiwa unamnunulia dada yako aliyejifungua karibuni, kumbuka ni ya mama tu: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo lake haliwezi kuvihimili.

Wanzuki, pombe ya asali, nayo utaisikia ikitajwa, kama si kuiona. Inashuka kama sharubati na inapanda kama deni. Kama una mtihani kesho, msalimie muuzaji na upite.

Upande wa Kigoma

Wengi husahau kwamba kanda hii ni ya mikoa miwili. Mabanda ya Kigoma yanakuletea mwisho wa pili wa njia bila kupanda treni. Kuna dagaa wa Ziwa Tanganyika, wadogo na safi kuliko tuliowazoea. Kuna migebuka iliyokaushwa. Kuna mawese mekundu ambayo ndiyo sababu ulibeba chupa. Dagaa wachague kwa mkono: wakauke kiasi cha kulia ukiwatikisa, wawe na rangi ya fedha, wasinuke ukali puani. Mchanga ukibaki kiganjani, walianikwa chini, si kwenye chanja.

Ulizia pia chumvi ya Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zililisha bara hili tangu kabla ya misafara, na chumvi ilikuwa fedha ya kubadilishana kabla shilingi haijafikiriwa. Leo ni chumvi ya kawaida kwenye mfuko wa kawaida. Nunua mfuko mmoja, kwa ajili ya hadithi na kwa ajili ya mboga. Hakikisha umeandikwa kuwa ina madini joto.

Karanga sina la kueleza sana: nunua zenye maganda, zidumu. Waingereza walipokuja na mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, Urambo ilikuwa moja ya sehemu walizochagua, na mradi ukaanguka. Mama wa Urambo anaendelea kulima zake kwa jembe la mkono.

Uyoga mbichi usiutafute Agosti. Huo ni wa masika, unapouzwa kandokando ya barabara mafungu kwa mafungu, mwingine wa vichuguu, mpana kama sahani. Wa sasa ni mkavu. Nunua kwa mama anayeuza kila mwaka na ambaye wenzake wanamjua, kwa kuwa uyoga wa msituni hauchezewi. Nyumbani uloweke, umwage maji ya kwanza yenye mchanga, kisha uupike kwa karanga. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, fanya vivyo hivyo.

Kukaa chini, hatimaye

Saa nane mchana miguu imechoka na umeonja vya kutosha. Sasa kaa. Lakini usiagize wali kuku; agiza usichokipata kantini. Ugali wa mtama au wa muhogo, mlenda, nsansa ya karanga, dagaa. Uliza kipi kimetoka jikoni sasa hivi, na kula kilicho cha moto kinachofuka mvuke. Nawa kwa maji yanayomiminwa, si ya beseni lililochovywa na watu ishirini. Uliza bei kabla ya kuketi, kwa sauti ya kawaida. Mama lishe anamheshimu zaidi mteja anayeuliza kabla kuliko anayelalamika baada.

Maliza na kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kipande cha kashata. Hapo ndipo pwani inapojitokeza: tabia ya kunywa kahawa barazani ilitembea na misafara ikakaa Tabora, kama ilivyokaa lugha hii tunayoiandika. Pilau lile la banda la kwanza nalo lilikuja na njia hiyo, lazima nikiri. Sina ugomvi nalo. Liwe tu la mwisho.

Ukiwa na siku ya pili, tia matobolwa mfukoni uende Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe alilokaa mpelelezi Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho. Baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, mzee yule alisubiri hapo hadi Agosti ndipo wapagazi waliotumwa kutoka pwani wakafika, akaondoka nao kwenda kwenye safari yake ya mwisho. Miezi mitano ya kungoja watu na mizigo. Ulikuwa msimu huu huu, wenye vumbi hili hili. Kaa chini ya kivuli, tafuna, utaelewa haraka kuliko darasani jinsi ambavyo bila mpagazi hakuna msafara, hata msafiri awe nani.

Chumbani

Vikavu vyako vigawe vifungu vidogo usiku ule ule, kabla marafiki hawajasikia. Matobolwa na michembe hutaka mfuko wa kitambaa, mahali penye hewa. Kwenye plastiki iliyofungwa hutoa jasho na kuota ukungu. Vianike dirishani mara moja kwa mwezi. Dagaa wafunge kwenye kopo lenye mfuniko, na umwombe radhi mapema unayelala naye chumba kimoja. Asali weka mbali na jua, chupa ikae ndani ya kisahani chenye maji kidogo: sisimizi wa hosteli za Tabora wana akili, ila hawajajifunza kuogelea.

Hesabu yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa hivi. Kisado kimoja cha matobolwa, nusu ya karanga, chupa ya asali. Kifungua kinywa cha siku za masomo kilitoka humo tangu nilipofungua chuo hadi maembe yalipoanza kuiva Novemba, na maembe Tabora, kama una rafiki mwenye mwembe uani, hayanunuliwi.

Ile alasiri ya mwisho niliyoitaja: jioni ya kufunga maonesho, wauzaji waliotoka mbali wanawaza nauli ya mizigo. Mama wa Kibondo hataki kurudi na kiroba cha maharage. Hapo bei hushuka bila ugomvi. Usiwabane sana, maana wameamka saa kumi alfajiri kwa siku nane. Lipa inayofaa, wasaidie kufunga turubai, na mara nyingi utaondoka na nyongeza usiyoiomba.

Halafu tafuta bajaji kabla giza halijaingia, na chupa ya asali uishike wima katikati ya miguu, mfuniko umeukaza mara mbili. Barabara ya Ipuli ina matuta.